Siku Saba Nairobi, Nikichungulia Nyuma ya Picha

Mimi huchora juu ya bafta. Anayeijua bafta hahitaji kuelezwa, na asiyeijua aulize nyumba yoyote iliyowahi kufiwa hapa Pwani: ni ile nguo nyeupe nyepesi inayokatwa sanda. Naibandika tabaka mbili kwa gundi ya mbao, naipaka andakoti, naipiga msasa, na ikikauka inawambika kama ngoma. Nilianza hivyo kwa kuwa kanvasi ya dukani ni ghali, sikuwa na falsafa yoyote. Mamangu hajanisamehe mpaka leo. Kila akipita mlangoni kwangu husema, "Nguo ya maiti unaimwagia rangi," kisha huenda zake jikoni.

Miaka yote hii kazi za wenzangu wa Nairobi nimeziona kwenye simu. Simu hukuonyesha rangi, tena kwa uongo kidogo. Ukubwa haikuonyeshi, wala mgongo wa picha, mahali mchoraji anapoficha mambo yake: kiraka, msumari uliopinda, bei iliyofutwa ikaandikwa nyingine. Nilitaka kwenda kuona kwa macho yangu watu wanachora juu ya nini. Nikashika njia mwezi wa Februari, kabla Ramadhani haijaingia. Haya nimeyaandika nikiwa nimerudi kwetu Kibokoni, Mombasa, daftari lenye madoa ya chai huku, picha za simu kule. Nusu ya picha zenyewe ni za mbao na pini za stepla, na binti yangu ameniuliza kama nilikwenda kwa maseremala.

Siku ya kwanza, Jumatano: Miritini hadi Syokimau

Tiketi ya treni nilikata kwa simu siku nne kabla, kwa kupiga *639# na kulipa kwa M-Pesa, shilingi 1,500 daraja la kawaida. Tuktuk kutoka Mji wa Kale hadi stesheni ya Miritini ilinitoza 600 baada ya kuvutana kidogo.

Kazi zangu nne nilizikunja ndani ya bomba la plastiki la inchi 4, yale ya mafundi wa maji taka, lenye vifuniko huku na huku. Kwa kusafirisha picha sijaona kitu kinachoshinda bomba hilo: halipindi, halipitishi mvua, na ukichoka unalikalia. Tatizo lake ni moja, nalo nililijua Miritini. Pale mizigo yote hupangwa mstari chini, watu wakarudi nyuma, na mbwa akapita akinusa. Mbwa alilipita bomba langu bila kujali. Askari ndiye aliyerudi.

"Mama, hii ni nini?"

"Picha."

"Picha za bomba?"

Nikafungua. Upepo wa asubuhi ukaichukua ya kwanza, ikabidi watu wanisaidie kushika pembe: mama mwenye mtoto mgongoni, wanafunzi wawili, na mzee mmoja wa Taita aliyekuwa ameshikilia kuku ndani ya kikapu. Ilikuwa ile ya wanawake wanaosubiri feri Likoni chini ya miavuli. Askari akaiinamia muda mrefu. "Huyu wa mwavuli wa kijani ni shangazi yangu kabisa," akasema. Akauliza bei, nikamtajia. Akaikunja mwenyewe, taratibu, kwa adabu ya msibani, akanirudishia bila neno.

Basi maonyesho yangu ya kwanza mwaka huu yalifanyika kwenye sakafu ya Miritini, na yalihudhuriwa kuliko ya Mombasa.

Treni ya saa mbili husimama vituo vya njiani, Mariakani, Voi, Mtito Andei na vinginevyo, kwa hiyo una muda wa kutazama. Kati ya Voi na Mtito niliona ndovu saba, wekundu kwa vumbi la Tsavo. Nilijaribu kuichanganya rangi ile kichwani, nikashindwa. Mzee wa Taita, ambaye kumbe alikaa kiti cha nyuma yangu, alikula mahamri yangu matatu na kunipa ndizi mbili. Kuku hatukumsikia tena.

Syokimau tulifika mchana, nikahamia treni ndogo ya kuingia mjini, na jioni nilikuwa South C kwa binti ya mamangu mdogo, nimejifunika mablanketi mawili. Wao wanasema hiyo ndiyo miezi ya joto.

Kwa atakayefuata: kitambulisho kiwe kilekile ulichokatia tiketi, ufike stesheni saa nzima kabla, na kama una bomba, usizibe vifuniko kwa utepe. Utafungua tu.

Siku ya pili, Alhamisi: Hazina ya Murumbi, na Likoni isiyo na feri

Nairobi Gallery iko pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, katika jengo la mawe la 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa wakati wa ukoloni. Hapo ndipo watu walipoandikishwa wakizaliwa, wakioana na wakifa, na hapo ndipo palipowekwa nukta ya kupimia umbali wa kwenda mahali pengine. Nilisimama juu ya nukta hiyo na bomba langu. Mlinzi akaniuliza kama nimetumwa na kampuni ya maji.

Ndani kuna hazina ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyedumu kwenye cheo hicho miezi michache tu mwaka 1966 akajiuzulu, kisha akatumia umri wake kukusanya vitu vya Afrika pamoja na mkewe Sheila: vinyago, vito, stempu, vitabu, nguo. Nilikwama kwenye nguo. Kitambaa kinapowekwa ndani ya kioo unaanza kukiona kama picha, ilhali aliyekifuma alikusudia kivaliwe, kitoke jasho, kifuliwe. Nikamwomba yule dada wa zamu anionyeshe upande wa nyuma wa kimoja. Alicheka. "Hiyo siwezi, madam. Mimi mwenyewe sijawahi kuuona." Alikuwa na haki. Ada ya Mkenya pale ni ndogo kuliko sahani ya biriani, ila ulipe kwa simu; taslimu hawashiki.

Mchana nilikwenda kituo cha wasanii kiitwacho Kuona, Kilimani. Konda wa matatu aliniuliza nashuka wapi, nikamwambia Likoni, kwa kuwa barabara yenyewe inaitwa hivyo, Likoni Lane. Abiria wa pembeni alinisikia lafudhi, akanishika mkono kwa huruma: "Auntie, Likoni ni Mombasa. Umepotea sana." Matatu nzima ikaanza kunishughulikia, wengine wakinitafutia basi la kunirudisha. Ilinichukua vituo viwili kuwaeleza kwamba Likoni ya kwetu naijua.

Kuona ilianza 1995 kama shirika la kusaidia wasanii, na siku hizi inaendeshwa na wasanii wenyewe. Ni uwanja wenye miti, na vyumba vya kazi vimeuzunguka. Huyu anachomelea vyuma, yule anachonga, mwingine amelala. Hakuna aliyeniuliza nimetumwa na nani. Kijana mmoja wa Kiganda alikuwa amekaa kizingitini akishona kitu cha rangi ya kahawia kama ngozi. Nikamsalimu, nikauliza ni ngozi ya mnyama gani.

"Si mnyama, auntie. Ni mti. Lubugo."

Lubugo nilikuwa nimeisoma tu. Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa hapo hapo Nairobi mwaka 1984 na ambaye kazi zake zinaonyeshwa katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani, huchora rangi ya mafuta juu yake badala ya kanvasi. Kwenye simu picha zake zina vitundu na makovu ambayo siku zote niliyadhania ni kasoro za kamera. Kumbe ndivyo lubugo ilivyo. Wanabandua gamba la mti wa mutuba, wanachukua la ndani, wanalichemsha, wanaligonga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, na gamba lile linatanuka hata likawa nguo pana. Shina hufungwa kwa majani ya mgomba, likaota gamba jipya la kubanduliwa tena. Palipopasuka hushonwa, na mshono hauondoki hata upake rangi mara ngapi.

Alinipa nishike. Ni nzito, laini, inanuka moshi na udongo. Nikamuuliza kwao hutumiwa kwa nini zaidi ya picha.

"Zamani kuvaa. Sasa sherehe za kabaka, mfalme wetu. Na kuzika. Mtu mkubwa huzikwa ndani ya hizi, nyingi nyingi."

Nilikaa chini palepale kizingitini. Nikafungua bomba, nikamtandikia wanawake wa feri, nikamgeuzia mgongo wake aone weupe. "Na hii," nikamwambia, "kwetu ndiyo sanda." Aliipapasa kwa kidole gumba, nyuma kwanza, kisha mbele, kama fundi nguo. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliniuliza gundi yangu ni ya aina gani na kama mende hawaili. (Huila. Natia karafuu ya unga kidogo.) Tuliongea mpaka saa kumi na moja, yeye Kiswahili chake cha Kampala na mimi cha Kibokoni, na nilipoinuka alinipa kipande kilichobaki, kiasi cha dhiraa mbili, chenye kiraka kimoja pembeni. Nilitaka kulipa. Alinikatalia, akakubali karafuu tu, maana nilikuwa nayo kwenye mkoba.

Siku ya tatu, Ijumaa: Lunga Lunga

Nilikuwa nimeandika mapema kuomba ruhusa ya kufika Wajukuu, kikundi cha wasanii kilichokulia ndani ya mtaa wa mabanda wa Mukuru, upande wa Lunga Lunga. Hili nalisema kwa mkazo: usiende kwa kushtukiza, na usitoe simu kupiga watu picha nyumbani mwao. Mtaa wa watu si galari.

Matatu ilikwama Industrial Area nyuma ya malori saa moja na dakika kumi. Mwishowe konda akatufungulia mlango, "Shukeni msonge na mguu," na nauli hakurudisha. Nilitembea nisikokujua mpaka mama mmoja anayeuza chapati na madondo akaniita. Sahani 70. Alifunga sufuria zake, akamwachia jirani, akanisindikiza dakika kumi nzima mpaka mlangoni. Nilipomshukuru aliniambia kwamba wageni wenye mabomba hupotea.

Wajukuu walikwenda Kassel, Ujerumani, mwaka 2022 kwenye maonyesho ya documenta ya kumi na tano, wakajenga mlango wa kuingilia ukumbi mkubwa kwa mabati yenye kutu, giza ndani, umbo lake likichukua manyatta ya Wamaasai na vichochoro vya kwao. Mwaka huohuo wakapewa tuzo ya sanaa ya Arnold Bode. Nilikuwa nimeona picha za mlango ule zikisifiwa kwa maneno marefu. Kusimama Lunga Lunga ni jambo jingine. Hapo bati ni bati. Nilianza mchezo wangu wa kutafuta nyuma yake nikachanganyikiwa: ukuta wa ndani wa nyumba hii ndio ukuta wa nje wa nyumba ile, na mahali pengine upande mmoja umepakwa buluu na upande wa pili umetundikwa sufuria. Sikujua nisimame wapi.

Watoto walikuwa wakichora juu ya maboksi yaliyopasuliwa. Msichana mmoja wa kama miaka tisa alinitazama nikikunjua kazi zangu, akauliza kwa nini bahari yangu ni ya kahawia. Nikamwambia ni mkondo wa Likoni, maji yakichafuka huwa hivyo. "Lakini hujaweka takataka," akasema. Nimeandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari mara mbili.

Kurudi mjini, hakuna la kusimulia. Moshi na foleni.

Siku ya nne, Jumamosi: Barabara ya Limuru

Asubuhi nilipitia galari moja ambayo sitaitaja, nikiwa na miadi. Mhusika alikuwa mpole. Alizitandika kazi zangu mezani, akazisifu rangi, kisha akaigeuza moja, akakwaruza kwa ukucha. "Hii ni nguo gani?" Nikamweleza. Akaniambia wateja wao wanataka kanvasi. Picha ikining'inia miaka kumi nani atajibu ikipasuka? Swali la haki. Lakini aliponipigia hesabu ya kanvasi, fremu na asilimia yao, niliona kwamba ningekuwa nawalipa wao ili niitwe mchoraji. Nikashukuru, nikatoka, nikanunua mahindi ya kuchoma ya shilingi 40 nikayala nimesimama, kwa hasira.

Dawa ya hasira ilikuwa City Park, ambako Murumbi amezikwa, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto aliyepigwa risasi mwaka 1965. Murumbi mwenyewe alitaka kulala karibu naye. Pana sanamu za wachongaji wa zama zile, mojawapo ya Elkana Ong'esa wa Kisii. Angalieni kima. Mmoja alichungulia ndani ya bomba langu kwa makini kuliko yule wa galari.

Kisha matatu za Ruaka, nikashuka Rosslyn Riviera, maduka makubwa ya kisasa ambamo ndani yake kuna Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi aliyoianzisha Armitage. Kiingilio bure. Nilitarajia mahali pa kunitisha, nikakuta vyumba vyeupe vilivyotulia na maktaba, na hapo maktabani ndipo siku yangu iliponogea. Mwaka 2022 walikuwa na maonyesho ya Mwili, Akili na Roho, yaliyokuwa yameanzia Munich na kupita London: wachoraji wa Afrika Mashariki, kina Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Sane Wadu, Elimo Njau, Edward Saidi Tingatinga. Niliyakosa mimi, lakini machapisho yapo, na unakaa nayo bila mtu kukuhimiza.

Kwa Tingatinga ndipo nilipofunga daftari nikacheka peke yangu. Huyu mzaliwa wa Tunduru, aliyeuawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972, alichora juu ya vipande vya hadibodi za dari, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Hakuwa na pesa za kitu kingine. Leo vipande vile vinapigwa mnada na kuwekwa kwenye majumba ya makumbusho, na sijasikia mtu aliyeuliza kwa nini hakutumia kanvasi.

Jioni nikamalizia Banana Hill, kwenye galari ya Shine Tani na mkewe Rahab. Tani alianza maisha kwa sarakasi barabarani kabla ya kushika brashi. Hapa hakuna vioo wala kamba ya kuzuia watu: picha zimejaa ukutani, nyingine zimeegemezwa sakafuni tano tano, migongo nje. Migongo! Niliomba ruhusa nikapewa. Nikapiga magoti nikasoma: majina, miaka, bei zilizofutwa mara tatu, kanvasi iliyoungwa kwa gunia la unga, fremu ya mti uliopindapinda, na nyuma ya moja namba za simu na hesabu ya deni la maziwa. Nilikaa pale mpaka umande ukashuka, wakaniletea chai. Saa moja ya usiku hupati gari la moja kwa moja kurudi South C, kwa hiyo uondoke mapema. Mimi nilibadilisha matatu mara tatu na boda ikanimaliza kwa 200.

Siku ya tano, Jumapili: Paa ya Paa

Kiswahili kimewachezea wageni hapa. Paa ni mnyama, na kupaa ni kuruka juu. Jina ni la yule paa anayeinuka. Ni kituo alichokianzisha Elimo Njau pamoja na wenzake 1965, kikahamia baadaye Ridgeways, kando ya barabara ya Kiambu. Mwaka 1997 moto uliingia ukateketeza kazi zilizokuwa zimekusanywa kwa miaka thelathini. Nilizunguka bustani yenye sanamu kwa saa nzima. Kimya, ndege, majani marefu. Sikupiga picha hata moja, na daftari la siku hiyo lina mstari mmoja tu: *nenda Murang'a*.

Siku ya sita, Jumatatu: Murang'a

Jumatatu galari nyingi za Nairobi hufungwa. Usipange kitu mjini. Panda gari utoke.

Nilitaka kuona picha ambazo Njau, Mchaga wa Marangu aliyesomea Makerere, alichora mwaka 1959 ndani ya kanisa kuu la Mtakatifu James, katika mji huo ambao wakati ule ukiitwa Fort Hall. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa katika vita vya Mau Mau. Matatu ya Murang'a ilinitoza 300, ikangoja ijae kwa dakika 50, kisha ikapita barabara ya Thika kana kwamba inafukuzwa.

Mimi na buibui langu tulifika ofisi ya kanisa saa tano. Nilikuwa nimejiandaa kukataliwa. Mzee anayeshika funguo alinisikiliza, akavaa kofia, akaivua tena mlangoni, akanifungulia. Aliniletea kiti akakiweka katikati kabisa.

Ni tano: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Yesu ni mweusi. Waliomzunguka ni watu wa kule, na vilima vilivyo nyuma yake ndivyo nilivyovipita kwenye matatu nusu saa kabla. Nilijaribu kufikiri mwaka 1959, hali ya hatari bado haijaondolewa, kijana wa miaka 27 anapanda ngazi na kuchora hayo. Nikaacha kufikiri, nikatazama miguu. Amewachora watu wenye miguu ya kukanyaga shamba.

Mzee alikaa benchi la nyuma. Baada ya muda akauliza, "Kwenu msikitini mna picha?"

"Hapana, baba. Tuna nakshi na maandishi."

"Mnasoma ukuta."

"Tunasoma ukuta."

Akatikisa kichwa, akaridhika. Niliandika, nikachora miguu kwa penseli, kisha ule ugonjwa wangu ukanishika. Nikaomba ruhusa kutoka nje. Nikazunguka kanisa, nikahesabu madirisha, nikatafuta mahali palipo upande wa pili wa kusulubiwa. Mzee akanifuata.

"Umepoteza kitu, mama?"

"Natafuta nyuma ya ile picha."

Alitazama ukuta wa mawe, akatazama chini, akanitazama mimi. "Nyuma ni nyasi tu," akasema.

Nilitoa sadaka 500, akaniandikia risiti yenye muhuri. Wanaotaka kwenda wasiende Jumapili kama hawaji kusali, waulize ofisini kwanza, na flashi ya simu waizime.

Siku ya saba, Jumanne: kurudi

Tiketi 1,500 nyingine, treni ya asubuhi. Syokimau nililifungua bomba kabla sijaambiwa.

Hesabu, kwa wanaopenda hesabu: treni 3,000, tuktuk kwenda na kurudi Miritini 1,200, matatu na boda 2,650, viingilio na sadaka 700, chakula 1,900, sukari na unga kwa mwenyeji wangu 1,200. Jumla 10,650, na malazi bure kwa hisani ya damu. Picha nne nilikwenda nazo, tatu nimerudi nazo. Ile ya wanawake wa feri nimeiacha South C. Binti ya mamangu mdogo aliitundika kabla sijaamua.

Mamangu alinipokea kwa wali wa nazi na maswali ya watu, hakuuliza picha. Baada ya isha nikamtolea kile kipande cha lubugo. Alikinusa, akakikunja, akakikunjua, akakipapasa kiraka.

"Nguo gani hii?"

"Gamba la mti. Waganda huzikia watu wao."

Mamangu sanda yake iko tayari siku nyingi, kwenye kasha chini ya kitanda, pamoja na ubani na pamba. Akakishika kipande kile kwa kiwiko, akakipima mpaka ncha ya kidole, dhiraa moja, dhiraa mbili, akafika mwisho.

"Haimtoshi mtu," akasema, akanirudishia.

Nikamwambia inatosha picha.